Mfungaji Asiyesemeshwa

Hospitalini kwetu kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kubadilisha taa ya korido ya chini bila kupanda kitu, naye alikuwa mwanamke. Tulimwita Mlingoti. Tulilizoea jina hilo kiasi kwamba barua yenye jina lake la kweli ikipita mezani kwangu, ilinibidi nifikiri kidogo ni ya nani. Na mimi ndiye karani wa masjala, mtu aliyeajiriwa ili ajue barua ya nani iko wapi. Naliweka wazi hili mapema ili umjue anayekusimulia. Karatasi nazijua vizuri. Watu nilikuwa nadhani nawajua.

Mlingoti alifanya kazi chumba cha mashuka, nyuma ya jengo la kufulia. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja la juu na rafu za mbao ukuta hadi ukuta. Mashuka yalimfikia kwa toroli yakiwa bado na joto, akayakagua moja moja dhidi ya mwanga. Lililochanika alilitupa kwenye kapu la kushonwa, lililo zima alilikunja mara nne na kulipanga na wenzake kumi kumi. Wahudumu wa wodi walikuja kwenye kidirisha wakataja namba. "Wodi ya tatu, arobaini." Akasukuma arobaini. Kuna siku hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake yote kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Niliwahi kumuuliza kama hachoki kukaa na mashuka tu. Akasema, "Mashuka hayajibu, dada, lakini hayanuni pia." Nilicheka mpaka nikashika ukuta, nikaenda kulisimulia jikoni kama kichekesho cha wiki.

Alifika hospitalini kwanza kama muuguzaji tu wa mgonjwa wake. Mama yake alilazwa miezi saba, na yeye akakaa naye miezi yote saba, mchana akisaidia kutandika vitanda vya wodi nzima kwa sababu hakuweza kukaa mikono mitupu. Mama alipofariki, matroni alikataa kumwacha aondoke mtu anayekunja kona za shuka namna ile, akamtafutia ajira. Alikuwa na kaka mmoja, mbali, anayepiga simu mwaka mpya. Alipewa chumba cha mwisho kwenye nyumba za wafanyakazi. Kitanda cha serikali kilikuwa kifupi kwake, akaweka benchi dogo miguuni na mto juu ya benchi. Hilo nalijua kwa sababu mwenye kumwandikia fomu ya kuomba kitanda kirefu ni mimi. Fomu ilirudi imeandikwa "haipo kwenye orodha".

Aliyemgundua ni nahodha wetu wa mpira wa pete, muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha waliopewa dawa ya usingizi. Mwalimu hatukuwa naye. Nahodha alikuwa kila kitu. Siku moja alikwenda kudai mashuka yake, akachungulia kidirishani na kumwona Mlingoti akifinyanga mashuka yaliyochanika kuwa madonge na kuyarusha kwenye kapu lililokuwa upande wa pili wa chumba. Moja, mbili, mpaka saba. Hakukosa hata moja. Nahodha alisahau mashuka, akarudi wodini na jina la mfungaji mpya.

Kwa asiyeujua mchezo wetu, nieleze kidogo. Pete iko juu ya nguzo, haina ubao nyuma, na wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu katika timu ya watu saba. Wao na walinzi wao ndio wanaokanyaga nusu duara iliyo mbele ya nguzo. Mimi ni mchezaji wa kati. Nakimbia uwanja mzima kama mwenda wazimu, lakini nikifika kwenye mstari wa nusu duara nasimama, natoa mpira, na kuanzia hapo nina macho tu. Mfungaji akishaushika ana sekunde tatu. Mlinzi amemnyooshea mikono usoni, uwanja mzima unamtazama yeye peke yake. Hakuna upweke kama ule mahali penye watu wengi.

Mwaka wake wa kwanza, katika mechi na watu wa posta, mpishi wa jikoni la wagonjwa, ambaye ndiye mfungaji wetu wa pili na tunamwita Kijiko, alipiga kelele "Funga!" wakati Mlingoti ameshanyanyua mkono. Mpira uligonga chuma ukatoka. Nahodha alifoka dakika nzima, kisha akatunga sheria. Kuanzia tunapovaa viatu mpaka kipyenga cha mwisho, Mlingoti hasemeshwi. Hasemeshwi na mtu yeyote, kwa lolote. Na yeye asiseme, asije akajitoa mwenyewe kwenye utulivu wake. Mechi iliyofuata alifunga ishirini na tisa.

Basi tukajishikia sheria yetu kama dawa. Timu nyingine zilikuja na nyimbo na makofi, sisi tulikuja na mtu aliyenyamaza. Tukimwona amekaa kwenye kona ya benchi, miguu ile mirefu imenyooshwa, hakuna aliyemkaribia hata kumpa maji. Chupa tuliiweka chini, hatua moja kutoka kwake, tukaondoka. Tuliambiana kwa macho kwamba mambo yako sawa. Nilikuwa na imani na timu ile kuliko nilivyokuwa na imani na mume wangu wa wakati ule, na huko sitaki kwenda. Miaka sita tulicheza hivyo, miaka minne kati ya hiyo tukachukua kikombe. Kimya chake kilitujaza vifua sisi sote. Hakuna aliyemuuliza kama yeye kinamjaza.

Mwezi wa nane wa mwaka wa sita tulifika fainali na timu ya kiwanda cha nguo. Zilibaki sekunde arobaini hivi, tukiwa thelathini na moja kwa thelathini na moja. Mpira ulikuwa kwangu. Nilifika kwenye mstari wa nusu duara, nikamwona Mlingoti amejitenga na mlinzi wake, nikautoa. Akaushika, akanyanyuka, akatupa. Ukazunguka kwenye pete ukaanguka nje. Mlinzi wao akaunyaka, wakakimbia nao hadi upande wa pili, wakafunga, na kipyenga kikalia.

Kwenye basi la wafanyakazi Mlingoti alikaa dirishani, amekumbatia begi lake. Kijiko alisimama akataka kumfuata. Nahodha akamshika mkono. "Mwache. Mpe heshima yake," akasema kwa sauti ya chini. Tukampa. Tulimpa heshima siku ile, tukampa wiki ile na mwezi ule. Mazoezini nahodha alielekeza timu nzima, na alipofika kwake aliruka, akaenda kwa anayefuata. Kwenye chumba cha chakula tulimwachia mwisho wa meza ukiwa wazi, nafasi ya watu wawili kila upande, apumue. Salamu tulimpa, adabu hatukukosa. Lakini lile la mpira hakuna aliyeligusa, kwa sababu sisi ndivyo tulivyokuwa tukimtunza mfungaji wetu. Tuliona tunamfanyia wema mkubwa.

Msimu ulipoanza tena, mkono wake ulikuwa umekufa. Alikuwa akishika mpira kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Anahesabu sekunde mbili, halafu anamrudishia Kijiko. Kijiko naye ni mfupi, maskini, alijikaza kisabuni lakini kutoka kule pembeni hakuna anachoweza. Tulifungwa mechi nne mfululizo. Na sisi wengine, kitu cha ajabu, tuliendelea kujiamini. Tulisema mashujaa huwa na msimu mbaya, tumwache tu atulie, atarudi mwenyewe. Tukazidisha kimya.

Mwezi wa tano nahodha akaleta mtaalamu wa saikolojia ya michezo, binti kutoka chuoni, mwenye viatu vya mazoezi vyeupe ambavyo ni wazi havijawahi kuona vumbi. Mimi watu wa semina siwapendi, nasema ukweli. Nilijipanga kwenye kiti cha nyuma na uso wangu wa kuchelewesha barua. Tulikuwa kumi na wawili, pamoja na wa akiba, kwenye ukumbi wa mikutano wa wauguzi. Mlingoti alikaa karibu na mlango.

Yule binti hakutuimbisha wala hakutuambia tujitazame kwenye kioo. Aliuliza maswali, akasikiliza, halafu akasema jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. "Imani ya timu na imani ya mchezaji ni vitu viwili tofauti," alisema. "Timu inaweza kujaa imani huku mmoja wenu ameishiwa kabisa. Na nyinyi mkawa hamjui, kwa sababu mnaipima kwa kujipima wenyewe." Kisha akagawa vipande vya karatasi. Akatuomba kila mmoja aandike maneno ya mwisho aliyoambiwa yeye mwenyewe na mwenzake katika mambo ya mchezo. Maneno ya kazi hayahesabiki, wala salamu, wala amri ya timu nzima. Tusiandike majina. Aliponiona nimekaa na kalamu ya ofisi sikioni, akanipa kazi ya kukusanya na kuyachapa yote katika ukurasa mmoja, ayasome kesho yake.

Niliyasoma masjala asubuhi, chai mkononi. Yalikuwa ya kawaida. "Leo umekaba vizuri." "Punguza kukimbia ovyo." Kijiko aliandika, "Kijiko, utamwaga." Nikafika kwenye karatasi ya nane. Jina halikuwepo, lakini mimi miandiko ya hospitali nzima naijua. Hizi zilikuwa herufi za mtu aliyezoea kuandika namba za wodi. Alikuwa ameandika tarehe kwanza, ile ya fainali. Chini yake: "Ndani ya basi. Sogea kidogo."

Nikaiweka chai mezani. Aliyesema "sogea kidogo" ni mimi. Nilikuwa nataka kuweka begi langu.

Sasa nisikilize nilichofanya, maana najua ungependa kusikia kwamba niliinuka nikakimbilia chumba cha mashuka. Sikuinuka. Nilichapa karatasi kumi na moja, na ile ya nane nikaikunja nikaiweka kwenye mfuko wa sketi. Nilijiambia nazuia aibu, kwamba ikisomwa mbele ya watu Mlingoti atadhalilika. Mtaalamu alipohesabu mistari akaniuliza mbona ni kumi na moja. Nikamwambia moja ilikuwa haina kitu. Akanitazama kidogo, akasoma kumi na moja zile, watu wakacheka pale kwenye ya Kijiko, kikao kikaisha. Mlingoti alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu ndani, halafu akaenda zake.

Siku tatu baadaye barua yake ikaingia kwenye trei yangu. Yah: ombi la uhamisho. Aliomba kuhamia hospitali nyingine yoyote yenye nafasi, kwa sababu binafsi. Barua ya namna ile ikishapokelewa masjala hupigwa mhuri na kupelekwa kwa mganga mkuu siku ile ile, na mganga mkuu wetu husaini barua za uhamisho kama anayesaini mpira wa zawadi. Nilijua ikipanda ngazi imeshatoka. Niliiangalia asubuhi nzima. Mchana nikaifunika na jalada la matairi ya magari ya wagonjwa. Nilifikiri, nikiikalia wiki moja, nikawakusanya wenzangu, tukampa maneno mazuri, atabadili nia bila hata kujua kwamba barua haikwenda. Usiku ule sikupata usingizi wa maana, na asubuhi nikaona wazi ninachokifanya. Ni kile kile. Nilikuwa namwamulia tena kilicho kizuri kwake, na yeye mwenyewe simuulizi.

Nikapiga moyo konde, nikachukua barua, nikaenda chumba cha mashuka.

Alikuwa amesimama mbele ya dirisha, ameinua shuka kwa mikono yote miwili, akilikagua. Kivuli chake kilionekana ndani ya shuka. Nilibisha mlango ingawa ulikuwa wazi.

"Wodi gani?" akauliza bila kugeuka.

"Siyo wodi. Ni mimi, dada."

Akalishusha shuka. Akaniona na barua mkononi, akavuta kiti kimoja kilichokuwepo, akanisukumia mimi. Yeye akakaa juu ya marundo ya mashuka. Mimi mdomo wangu hauna breki, muulize yeyote, lakini pale nilipata kigugumizi.

"Karatasi yako niliisoma," nikasema mwishowe.

"Ile ya semina."

"Ndiyo. Sikuichapa."

"Najua. Nilihesabu. Alisoma kumi na moja." Alianza kukunja shuka lile, polepole. "Nilikuwa nangoja ifike. Nilisema, ikisomwa tu, hata kama hawatajua ni ya nani, mtu mmoja atacheka au atanyamaza, nami nitajua nimekaa wapi katika timu hii. Nikangoja mpaka mwisho."

Nikamwambia niliona haya, sikutaka adhalilike.

"Ulimwonea haya nani?" akauliza. Hakuwa anagomba. Aliuliza kama anavyouliza idadi ya mashuka.

Basi nikasema lile ambalo sikuwa nimelisema kwa mtu, hata kwa nahodha. Nikamwambia ule mpira wa fainali ulikuwa mbaya. Nilichelewa kuutoa na nikautoa chini, ikabidi ainame kuuokota magotini, na mtu aliyeinama akainuka ndani ya sekunde tatu hana miguu ya kufungia. Kosa lilianza kwangu. Nilijua pale pale mstarini, kabla haujafika kwake. Na kimya chetu chote kile kilichoitwa heshima kilinifaa mimi kuliko kilivyomfaa yeye, kwa kuwa mradi hakuna anayeongea, hakuna atakayeuliza mpira ulitoka kwa nani.

Mlingoti alilaza shuka juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja.

"Nilijua," akasema. "Mwenye kuinama ni mimi, ningekosaje kujua? Nilikuwa nangoja useme. Siku ya kwanza nilifikiri utasema kesho. Ulipokuja pembeni yangu kwenye basi nikasema, haya, anakuja kuniambia. Ukaniambia nisogee."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe siku nyingi. Siyo wewe peke yako." Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mpigo mmoja. "Nyinyi mnasema mfungaji anataka kimya. Mimi kimya ninacho hapa kutwa. Nikitoka hapa naenda chumbani, kipo huko kinaningoja. Mpira ndio ulikuwa saa yangu ya watu. Nikakubali mnyamaze wakati natupa, sawa, ni dakika. Halafu ikawa mechi nzima. Halafu nikakosa mara moja, ikawa maisha. Nikishika mpira sasa sioni pete. Naona migongo yenu kwenye meza ya chakula."

Nililia. Nasema wazi, nililia kwenye shuka la wodi ya upasuaji, akalazimika kulirudisha kufuliwa. Nilipojifuta nikamwonyesha barua. Nikamwambia niliificha siku moja, na nimekuja kumuuliza. "Niipeleke au niirudishe kwako? Ukitaka, leo hii nawaita wote tukae, nahodha akiwemo. Hawajui, dada. Hakuna hata mmoja anayejua. Wanadhani wanakuenzi."

Alifikiri. Nataka niseme kwamba alifikiri kwa kweli, maana kwa muda mrefu alitazama kidirisha, na mimi nikapata tamaa. Tamaa yangu ilikuwa kubwa sana wakati ule.

"Asante kwa kuniuliza," akasema. "Peleka."

Niliipeleka. Niliipiga mhuri kwa mkono wangu na kupanda nayo ngazi. Jioni nikawaambia wenzangu yote, na langu la mpira wa chini nikalitanguliza kabla sijapoteza ujasiri. Nahodha alikaa chini uwanjani, kwenye vumbi, na sare zake nyeupe. Alisema, "Lakini mimi nilimpenda yule." Kijiko alikwenda chumba cha mashuka kila siku ya wiki mbili zilizobaki, na wengine pia, wakijaza kile kidirisha kwa maneno. Mlingoti aliwapokea vizuri, akacheka nao. Lakini mtu akishafunga begi lake moyoni, maneno yanapita juu yake tu. Siku ya kuondoka alimwachia mwenye zamu funguo na karatasi inayoeleza kila rafu. Benchi la miguuni pa kitanda aliliacha chumbani.

Sisi tulibaki tukijifunza kuongea. Ilikuwa kichekesho mwanzoni. Kijiko ndiye alikuwa mfungaji wa kwanza sasa, na kila alipokosa tulimvamia watu watano kumfariji, mpaka mwamuzi akatutishia kadi. Baadaye tukapata kipimo. Ukikosa, aliye karibu anakuambia alichokiona, jambo moja, la kweli, basi mnakimbia. Tulianza kushinda tena mechi mbili tatu. Mimi nilikuwa nasema kuliko wote, na nyumbani nilirudi nikiwa mtupu. Kila nilipofika kwenye mstari wa nusu duara niliinua macho juu mno, kwenye urefu wa mtu ambaye hayupo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, ratiba ilitukutanisha na hospitali aliyohamia. Walikuja na jezi za njano. Alishuka kwenye gari lao wa mwisho, akainama kupita mlangoni kama kawaida yake. Alitupungia mkono kutoka kule, nasi tukapunga, tukarudi kupasha misuli. Nilimwambia nahodha moyo wangu unaenda mbio. Akasema wake pia, na tuache ujinga tucheze.

Robo ya kwanza nilikuwa nafukuzana na mchezaji wao wa kati, binti wa miaka ishirini hivi, mwepesi kama karatasi. Alifika kwenye mstari na mpira, nami nimemganda. Ndipo nikasikia sauti kutoka ndani ya nusu duara, nene kidogo, haina haraka. Ilinichukua muda kuitambua. Miaka sita sikuwahi kuisikia uwanjani.

"Nipe kushoto, mdogo wangu. Kushoto, nikiwa nageuka."

Binti akautoa kulia, kwa haraka. Mlingoti akaushika vibaya, akatupa, akakosa. Mlinzi wetu aliukosa mpira ukatoka nje, na katika nafasi ile ndogo ya kusubiri kipyenga binti akasogea hadi kwenye mstari.

"Nimekuharibia, dada."

"Kidogo. Nami nimetupa kwa hasira. Haya, kushoto."

Uliofuata ulikwenda kushoto. Mlingoti alikuwa tayari anageuka, na mpira ulimkuta mkononi kama alikuwa ameuacha pale mwenyewe. Hakuhesabu. Ukapita katikati ya pete bila kugusa chuma. Alifunga ishirini na sita siku ile, akakosa sita, na kila alipokosa kuna mtu aliyemwambia kitu naye akajibu. Walitushinda kwa mabao manne. Mimi nilisimama kwenye mstari wangu mechi nzima, mguu mmoja nyuma ya chaki, nikisikiliza.

Mwisho wa mechi alipita kutusalimu mmoja mmoja. Nahodha alimkumbatia kiunoni, ndipo alipofika. Aliponifikia mimi tulishikana mikono, na nilikuwa nimeandaa maneno mengi sana, nimeyapanga kama jalada. Yote yakapotea.

"Siku zote ulikuwa unataka kushoto?" nikamuuliza.

"Siku zote."

"Mimi nilikuwa nakupa kulia. Miaka sita. Mbona hukuniambia, dada?"

Swali lilishatoka, sikuweza kulirudisha. Alinitazama bila hasira yoyote, akavaa koti lake la mazoezi, mkono mmoja kisha wa pili. Wenzake walikuwa wanamwita garini.

"Tulikuwa hatusemeshani," akasema.